Nilikwenda Kano Kuangalia Tu

Nimepita Malawi nzima bila kuliona ziwa lake. Najua lilikuwa upande wetu wa kushoto, kwa sababu mwanamume mmoja aliyelala karibu na tundu la turubai alinong'ona, "Maji, maji mengi," na dereva akagonga bodi ya lori ili tunyamaze. Tulikuwa watu kumi na tisa juu ya magunia ya mahindi. Msumbiji nayo sikuiona. Nakumbuka harufu ya dizeli na mkono wa mtoto wa watu uliokuwa shingoni mwangu siku mbili. Kutoka Uvira mpaka Durban nilivuka nchi tatu, na mtu akiniuliza zinafananaje, sina la kumwambia.

Kwa hiyo mwaka 2010, ule wa Kombe la Dunia, watu waliponiuliza kwa nini nataka kwenda Kano, jibu nilikuwa nalo. Ila si kila mtu nilimpa.

Mambo yalianza na mteja. Saluni tuliyofanyia kazi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja mjini, viti vinne, vioo viwili, na kinyozi wa kiume kwenye kona karibu na mlango. Siku moja aliingia mwanamke mrefu, mweusi, amejifunika kichwa mpaka mabegani. Alimtazama yule kinyozi, akanitazama mimi, akainama sikioni kwangu akasema kwa Kiingereza kwamba anataka kusuka, lakini si mbele ya mwanamume. Nikamwambia Jumatatu tunafunga, aje kwangu Berea, ashuke kwenye robot, zile taa za barabarani, ya pili baada ya duka la vitanda, ghorofa yangu ndiyo ile yenye ngazi za nje. Akaja. Alikuwa Mhausa wa Kano, kaskazini mwa Nijeria, anasoma chuo kikuu cha Westville, mambo ya maji machafu na jinsi ya kuyasafisha. Huko Westville kila mtu ana gari. Yeye alikuwa akitembea kwa miguu mpaka barabara kuu kungoja taxi, na alifika kwangu viatu vimejaa vumbi.

Mwenzangu wa saluni, dada mmoja Mrundi aliyeishi Queensburgh na wanawe wawili, alicheka nilipomsimulia.

"Anasuka nywele zenye hakuna mtu atakaziona?"

"Yeye anaziona," nikasema.

"Eish. Basi umusukie kubwa kubwa, umalize mapema."

Sikumsukia kubwa. Nilimsukia ndogo, zilizonyooka, na kila baada ya wiki sita alirudi. Kusuka ni saa nyingi, na saa nyingi huwa na mazungumzo. Aliniambia habari za baba yake aliyekufa, habari za mwalimu wake anayemchosha, na kila mara alirudi kwenye mji wake. Alisema una ukuta wa udongo uliojengwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuipa Durban jina. Una malango, na kila lango lina jina. Una mashimo ambamo wanaume wanatia nguo rangi ya nili, kwa namna ile ile waliyofanya babu za babu zao. Una kilima katikati, ukisimama juu yake unauona mji wote.

Siku aliyosema habari za kilima, mikono yangu ilisimama kichwani mwake.

"Mtu yeyote anaweza kupanda?"

"Mtu yeyote mwenye miguu."

"Na ukifika juu, hakuna anayekufukuza?"

Aligeuka kunitazama, msuko mmoja mkononi mwangu ukavutika, akapiga kelele ya maumivu. Halafu akasema, "Dada yangu, Novemba nakwenda nyumbani kwa Idi. Twende wote. Mama atakulaza chumbani kwangu."

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nane na sijawahi kusafiri kwa kupenda.

*

Nilikuwa na karatasi ya ukimbizi, na karatasi ya ukimbizi haikuvushi mpaka. Kuna kijitabu unachoweza kuomba, kinafanana na pasipoti kwa mbali, na anayekipata ni mtu mwenye subira au mwenye kichwa kigumu. Nilianza kukifuata mwezi wa pili. Kila nilipokwenda niliamka mapema, nikapanga mstari na akina mama wenye watoto mgongoni, na mara tatu dirisha lilifungwa nikiwa nimebakiza watu wawili. Mara ya nne nilifika mbele. Mama aliyekaa ndani alikuwa na sweta ya pinki na kikombe cha chai. Nikamsalimia kwa Kizulu, akaitika vizuri.

"Safari ya nini? Msiba?"

"Hapana."

"Mgonjwa? Mkutano wa kanisa?"

"Hapana, mama. Nakwenda kuangalia mji."

"Kuangalia nini mjini?"

"Mji wenyewe."

Aliweka kikombe chini. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili ili naye asikie. "Huyu anasema anakwenda holiday." Kisha akanigeukia, hata hakuwa na ubaya, alinieleza kama unavyomweleza mtu aliyepotea njia: "Sisi, mkimbizi anakimbia. Mkimbizi haendi holiday."

Nyuma yangu watu walicheka. Na mimi siku nyingine ningecheka nao, nikachukua karatasi zangu nikaondoka, kwa sababu tumezoea hivyo. Ukiwa upande huu wa dirisha unajifunza kutabasamu. Siku hiyo sikutabasamu.

"Niandikie," nikamwambia.

"Nikuandikie nini?"

"Hayo uliyosema. Andika kwamba nimeomba, umekataa, na sababu ni kwamba mkimbizi haendi holiday. Weka sahihi. Nitakaa pale nikingoja."

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Nilikaa mpaka saa nane mchana, mkoba magotini, nikimtazama. Hakuandika. Lakini kabla hajafunga aliniita kwa kidole, akanipa fomu ambayo tangu mwezi wa pili niliambiwa imekwisha. Mpaka leo sijui alinipa kwa huruma au kwa kuchoka kutazamwa. Nilirudi mara tatu zaidi baada ya hapo, na mwezi wa tisa kijitabu kikatoka. Picha yangu ndani yake ina uso wa mtu anayetaka ugomvi.

Kanisani walikuwa wameshasikia. Kanisa letu la Wakongomani lilikuwa na kwaya ya akina mama, na mimi niliimba sauti ya pili. Mazoezini wakanizunguka.

"Nijeria, mama? Kule iko wachawi."

"Na Waislamu watupu."

"Utarudi huna figo."

Kiongozi wa kwaya, mama mwenye heshima zake, alinishika mkono. "Bon. Kama ni kazi tutakuombea. Unaenda kununua vitambaa?"

"Siendi kununua kitu."

"Basi unaenda kufanya nini?"

"Kutembea."

Waliangaliana. Yule Mrundi wa saluni, ambaye hakuwa hata wa kanisa letu, alikuwa ameuliza jambo hilo hilo kwa njia yake: "Hiyo pesa si ungenunua frigo?" Nikamjibu frigo ya zamani bado inagandisha. Akasema, "Mimi sijawahi kuona mtu wa kwetu akienda mahali tu." Hakuwa ananicheka. Alikuwa anafikiri.

*

Lagos maofisa wa uhamiaji walinikalisha kando kwa saa mbili wakikigeuza geuza kile kijitabu, na rafiki yangu akabaki kusimama nami, akigombana nao kwa niaba yangu mpaka nikamwambia anyamaze, nitagombana mwenyewe. Kisha tukapanda ndege ndogo kwenda kaskazini. Nikakaa dirishani. Sikulala, sikusoma, sikula walichotupa. Niliitazama ardhi ikibadilika kutoka kijani kibichi kuwa ya manjano, kisha rangi ya mkate, mpaka shingo ikaniuma.

Kwao kulikuwa na ua mpana uliozungukwa na vyumba, na mama yake, ambaye wote walimwita Hajiya, alikuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchele. Alinisalimia muda mrefu. Salamu zao ni kama zetu, haziishi: umelala vipi, safari vipi, uchovu vipi, nyumbani vipi. Kila moja niliitikia nilivyofundishwa kwenye ndege: lafiya, lafiya lau, yaani salama, salama kabisa. Hajui Kiingereza, mimi sijui Kihausa, na binti akienda kuoga tulibaki wawili tukitazamana. Basi tukaanza kutafuta maneno. Aliinua kipande cha sabuni akasema, sabulu. Nikasema, sabuni. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Nikaonyesha juu na pande zote kwa mkono, nikasema, dunia. Akasema, duniya! Alipotaka kuuliza habari za kwetu alisema labari, na hilo nilielewa kabla hajamaliza.

Lakini naye alitaka kujua nimeleta nini au nimekuja kuchukua nini. Jioni ya kwanza alimuuliza bintiye kama mimi ni mfanyabiashara wa ngozi. Ya pili aliuliza kama ni wa vitambaa. Asubuhi ya tatu, tukiwa tunakunywa uji wa mtama, aliuliza kama labda nimeachwa na mume na nimekuja kutuliza moyo.

"Mwambie mume wangu alikufa zamani," nikasema, "na moyo wangu umetulia. Mwambie nilivuka nchi tatu nimefunikwa turubai kama mzigo. Sasa nataka kuona mahali kwa sababu nataka tu."

Rafiki yangu alitafsiri taratibu. Sikuwahi kumwambia habari ya turubai, na niliona uso wake ukibadilika huku akisema. Hajiya hakutikisa kichwa wala kunionea huruma. Aliweka kijiko chini akasema maneno matatu: yawon bude ido.

"Anasema nini?"

"Anasema hilo lina jina lake. Ndivyo tunavyoita utalii. Matembezi ya kufungua macho."

Hajiya akainuka, akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu. Alisema anakwenda nasi.

*

Tulitembea siku tano. Hajiya alikuwa mnene na magoti yalimsumbua, lakini alitembea mbele. Tulianza na ukuta. Mahali pengi umebaki kama tuta la udongo, mbuzi wanalala juu yake, na sehemu nyingine watu wameuchimba wakachukua udongo kujengea nyumba zao. Rafiki yangu aliona haya. Alisema alitaka niuone ulivyokuwa. Mimi niliupenda hivyo hivyo. Nilisimama kwenye lango moja, magari na pikipiki yakipita katikati yake kwa honi, nikaweka kiganja kwenye udongo ulioshikwa na jua la asubuhi. Ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Tukaingia soko la zamani, lenye vichochoro ambavyo mabega yanagusa pande zote mbili. Wauzaji waliniita kwa Kihausa, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa, na nilipoitika Kifaransa mzee mmoja wa mikoba ya ngozi alishangilia. Alikuwa amekaa Kinshasa miaka sita, akijua Kilingala kuliko mimi. Alitaka kujua nanunua mingapi. Nikasema naangalia. Akasema, "Angalia basi," akasogeza kigoda nikae, akaendelea na kazi yake ya kushona.

Siku ya mashimo ya nili ndiyo niliyokasirika. Ni uwanja wa wazi karibu na lango moja, na mashimo yamechimbwa ardhini, mviringo, midomo yake imesakafiwa. Ukichungulia unaona maji meusi yenye povu la zambarau, na harufu ni ya majivu na kitu kilichochacha. Wanaume wameketi kwenye ukingo wakichovya nguo, wanainua, wanachovya, saa nzima, mikono yao ya buluu mpaka kwenye viwiko. Kulikuwa na kijana wa kutembeza wageni, na alikuwa na wageni wawili tayari, Wazungu, mume na mke, wenye kamera. Tulipokaribia alimwambia rafiki yangu jambo kwa Kihausa, akinielekeza kwa kidevu. Rafiki yangu akawaka.

"Amesema nini?"

"Hapana, acha."

"Amesema nini?"

"Amesema mfanyakazi wangu anaweza kungoja kivulini."

Nilimwendea yule kijana. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani na kitambaa cheupe cha kwaya kichwani. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wale wawili, "Mimi ni mtalii. Nimetoka Durban. Anza tangu mwanzo."

"Mama, nimeshawaeleza nusu…"

"Anza tangu mwanzo."

Yule mwanamke wa Kizungu akasema yeye pia angependa kusikia tena. Kijana akaanza. Akaeleza jinsi wanavyochanganya majivu na magadi na majani ya nili, jinsi shimo linavyoachwa wiki kadhaa mpaka liive, jinsi nguo iliyochovywa kidogo inavyotoka rangi ya anga na iliyokaa sana inavyokuwa karibu na nyeusi. Nilimuuliza maswali. Shimo likichoka wanafanyaje? Mwanamke akitaka kazi hii? Mvua ikinyesha? Alijibu la kwanza, la pili akacheka, nikamwambia sicheki. Akasema hajawahi kuona mwanamke akifanya, na hajui nani alikataza.

Mwisho alileta daftari kubwa la wageni, akawapa Wazungu. Walipomaliza akalifunga na kuliweka kwapani. Nikanyoosha mkono. Alinipa.

Kulikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya nchi, na nafasi ya maoni. Jina niliandika. Kwenye nchi nilisita. Kongo nimetoka, Afrika Kusini wananiambia kila siku si kwangu. Nikaandika Durban, kwa herufi kubwa. Na kwenye maoni niliandika kwa Kiswahili, mistari minne kamili nikamaliza ukurasa: kwamba nimeona, kwamba kazi ni nzuri, kwamba mashimo ni kumi na kitu na nimechungulia yote, na kwamba kijana anaeleza vizuri akiambiwa aanze mwanzo. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia atafute mtu wa kumsomea.

Hajiya wakati huo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shimo moja, akizungumza na mzee wa pale kana kwamba walikua pamoja. Aliniita. Mzee alinyoosha mkono wake wa buluu akaonyesha kitambaa changu cha kichwa. Sikuelewa mpaka Hajiya alipofanya ishara ya kuchovya. Kwaya nzima tulishonewa vile vitambaa, vyeupe, vyenye ukingo wa lesi, na tuliagizwa tuvitunze. Nikakivua, nikampa. Alikichovya, akakiinua, akakichovya. Kilipotoka mara ya kwanza kilikuwa kijani, na mbele ya macho yangu, kwa hewa tu, kikageuka buluu. Alinipa nami nichovye mwenyewe mara ya mwisho, nikaingiza mikono yote miwili.

Kilima tulikipanda siku iliyofuata, asubuhi. Hajiya alibaki chini kwa ajili ya magoti yake. Kuna ngazi, na watoto wanaokufuata wakihesabu kwa sauti, na juu hakuna kitu: mawe, upepo, karatasi za biskuti. Lakini mji wote uko chini yako. Mabati yenye kutu mpaka upeo wa macho, minara ya misikiti, miti iliyofunikwa vumbi, moshi wa asubuhi unaokaa chini kwa sababu ya baridi. Rafiki yangu alionyesha hiki na kile, kisha akaona sisikilizi akaacha.

Watu wa kwetu walikuwa wamesema nitalia. Sikulia. Nilishikwa na hasira. Nilifikiri juu ya lile ziwa. Ziwa zima, lilikuwa pale, siku nzima upande wangu wa kushoto, na sikuruhusiwa kuinua kichwa. Nani alichukua kitu kile? Nilisimama juu ya kile kilima nikatazama kaskazini mpaka nikatosheka, nikageuka mashariki nikatazama mpaka nikatosheka, na hivyo hivyo pande zote nne. Watoto walichoka wakashuka. Rafiki yangu aliketi juu ya jiwe. Hakuna aliyeniambia twende.

Siku ya Idi tulitazama maandamano ya farasi kutoka juu ya paa la jamaa zao. Farasi walipambwa kuliko maharusi, wapanda farasi wamefunga vilemba hadi puani, vumbi, tarumbeta ndefu, bunduki za zamani zikilipuliwa hewani mpaka nikaziba masikio, maana mlio ule naujua kwa sababu nyingine. Hajiya aliniondoa mikono masikioni, taratibu, mmoja baada ya mwingine, akaishika. Emir, mtawala wa jadi wa Kano, alipopita, amevaa nyeupe chini ya mwavuli mkubwa unaozungushwa, watu wote barabarani waliinua ngumi kumsalimu. Nami nikainua yangu. Kucha zilikuwa bado buluu.

*

Niliporudi Durban, Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani na kitambaa changu cha nili. Akina mama ishirini na wawili wenye vitambaa vyeupe, na mimi katikati kama wino uliomwagika.

Kiongozi wa kwaya akanivuta pembeni. "Mama, iko nini hii? Kitambaa chetu iko wapi?"

"Ni hiki hiki. Angalia lesi."

"Umekiharibu."

"Nimekitia rangi."

"Ukivue, nitakupa kingine."

"Nitaimba na hiki, mama, au nitakaa na watu."

Nikakaa na watu. Wiki sita nilikaa benchi la nyuma, nikiimba sauti ya pili kutoka huko, kwa nguvu, mpaka sauti ya pili ya mbele ikawa inanifuata mimi. Wiki ya saba kiongozi alikuja nyuma kabla ya ibada, akanisogezea kitabu cha nyimbo na kunionyesha nafasi yangu. Mwaka uliofuata waliponunua sare mpya walichagua zambarau. Sidai kwamba ni kwa ajili yangu.

Rafiki yangu alimaliza masomo akarudi kwao. Muda si mrefu Kano ikaanza kutajwa kwenye redio kwa ajili ya mabomu. Akina mama waliniambia, unaona? Nilipiga simu siku mbili haikupita. Siku ya tatu akaitika.

"Tuko hai. Mama anataka kwenda sokoni, nimejaribu kumzuia siku nzima."

"Mwambie asiende."

"Mwambie wewe. Ameshavaa viatu."

Nilimsikia Hajiya nyuma akisema jina langu na neno labari, na mlango ukafungwa.

Kile kijitabu kilikwisha muda wake na hawajanipa kingine. Nimekwenda mara nyingi. Yule mama wa sweta ya pinki hayupo tena, na wapya hawacheki, wanasema tu rudi mwezi ujao. Ninarudi.

Mwaka wa 2015, mwezi wa nne, ilikuwa zamu ya Durban. Wenyeji walipoanza kuwafukuza wageni, maduka ya watu wetu yakavunjwa, wengine wakachomewa vitu, na watu wakalala kwenye mahema viwanjani na watoto wao. Mwenye saluni alitutumia ujumbe kwamba tukae nyumbani mpaka atakaposema. Mwenzangu Mrundi alijifungia Queensburgh na wanawe, akinipigia kila saa. Ndipo simu ya Kano ilipoingia. Rafiki yangu alikuwa ameona kwenye televisheni.

"Njoo," akasema. "Usibebe kitu. Chumba chako kipo, mama ameshatandika."

Nilikuwa nimesimama jikoni, pazia limefungwa. Nilimshukuru, na nilimaanisha. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Nitakuja siku nitakapokuwa na likizo. Nikikimbia siji."

"Dada yangu, huu si wakati wa kichwa kigumu."

"Mwambie Hajiya nimevaa viatu."

Nilikaa ndani siku nane. Siku ya tisa nilichukua funguo za akiba, nikateremka kwa miguu kutoka Berea mpaka mjini. Maduka mengi yalikuwa yameshusha shata za chuma. Polisi wawili kwenye kona walinitazama, nikawasalimia kwa Kizulu, wakaitika. Nilipanda ghorofa ya pili, nikafungua mlango, nikauzuia kwa jiwe ili ubaki wazi, nikafagia. Nilifagia mahali pamoja mara tatu.

Karibu saa nne nilisikia viatu kwenye ngazi. Nikashika ufagio kwa mikono miwili. Akaingia mteja wangu mmoja, mama wa Kizulu anayefanya kazi benki, kichwa nusu kimefumuliwa nusu bado, amejifunga skafu.

"Hau," akasema. "Nilidhani mmeondoka wote."

"Tuende wapi? Kaa."

Akakaa. Nikamfungua skafu, nikachukua kitana.

"Kubwa au ndogo?" nikamuuliza.

Alitazama mlango uliokuwa wazi, akanitazama mimi kwenye kioo, akavua viatu vyake vya kazini na kuvisukuma chini ya kiti.

"Ndogo," akasema, na ndogo huchukua saa sita nzima.